Mbolea ya Ruzuku na Masharti Yake

Tangu mwaka 2022 Serikali ya Tanzania imekuwa ikilipa sehemu ya bei ya mbolea ili mkulima auziwe kwa bei nafuu. Hiyo ndiyo ruzuku. Fedha yake ni ya wananchi wote, kwa hiyo ina masharti.

1. Jiandikishe kwa mtendaji wa kijiji. Taja jina lako, zao lako, na ekari unazolima kweli. Utapewa namba.

2. Nunua kwa wakala aliyesajiliwa, kwa namba yako mwenyewe. Usimwazime mtu namba hiyo. Mifuko atakayochukua itahesabiwa kuwa ni yako.

3. Usiiuze. Imetolewa kwa ajili ya shamba, si kwa biashara.

Kwa nini ekari ziandikwe sawasawa? Tazama hesabu hii. Mahindi yakipandwa sentimeta 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Mfuko wa DAP wa kilo 50 watosha kutia kizibo kimoja cha soda kila shimo. Ifunike kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, isije ikaiunguza.

Basi mwenye ekari mbili akiuza mfuko mmoja kati ya miwili, ekari moja itakosa chakula tangu siku ya kupanda. Naye aandikaye ekari tano hali analima mbili, anatwaa fungu la jirani zake. Fedha ya mfuko huisha siku ile ile. Upungufu wa ghala huonekana mwaka mzima.