Midoli ya Sinema na Mdogo Wako wa Miaka Miwili

Kama unakaa Kunduchi, iwe Mtongani au kule pwani, huenda unamjua mwanafunzi anayekusanya midoli ya masteringi wa sinema za anga za juu. Au ni wewe mwenyewe! Huyu ana Darth Vader aliyepoteza upanga, yule ana Black Panther wa Kariakoo, mwingine kaokota roboti kwenye fungu la mitumba, mguu mmoja haupo. Wazazi wengine wanasema huo ni utoto. Mimi sikubaliani nao. Anayekusanya anajifunza kutunza na kusubiri. Tena tangu 2018, ilipotoka sinema ya Black Panther, na sisi tumo: Mkenya Lupita Nyong'o alicheza kama Nakia, na kampuni ya Hasbro ikatengeneza mdoli wa Nakia.

Sasa jiulize, hiyo midoli unaiweka wapi? Wengi wetu tunalala chumba kimoja na wadogo zetu. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili hukijua kitu kwa kukitia mdomoni. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na bastola ya plastiki ya mdoli inatosha kabisa kuiziba.

Hata watengenezaji walilijua hili kwa uchungu. Sinema ya Star Wars ilitoka 1977, na kampuni ya Kenner ikaanza kuuza midoli yake 1978. Ikaahidi na mdoli wa Boba Fett mwenye kombora la kufyatuka mgongoni. Kabla haujatoka, mtoto mmoja Marekani alikufa kwa kukabwa na kombora dogo la ndege ya kuchezea ya Battlestar Galactica, iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Kenner wakaghairi: Boba Fett waliyemtoa 1979 kombora lake halikufyatuka. Ile michache ya majaribio ndiyo wakusanyaji wanaigombania leo. Mwaka 2024 mmoja uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000!

Jaribu hivi leo. Chukua lile bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Pitisha kila kipande cha midoli yako: upanga, kofia, mkono unaochomoka. Kinachopita ndani ya bomba kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kitie kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu ya kabati, siyo chini ya kitanda.

Na akikabwa je? Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, ila usibanduke. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, piga kelele upate msaada na uanze mara moja. Aliyezidi mwaka mmoja muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Hakijatoka? Simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya kifua, vuta ndani kwenda juu mara 5. Rudia kwa zamu hadi kitoke. Mtoto wa chini ya mwaka usimminye tumbo kamwe: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umgandamize katikati ya kifua mara 5. Usichokonoe koo kwa kidole kama kitu hukioni, maana utakisukuma ndani. Na yule jirani anayeleta maji au tonge la ugali "la kusukumia", mkatalie kwa adabu. Hata kikitoka, mpelekeni akapimwe.

Midoli inayowaka macho au kutoa sauti ina hatari nyingine: betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati. Ikinasa kwenye koo la chakula, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili hutengeneza kemikali inayounguza nyama. Saa 2 tu zinatosha kumuumiza vibaya, na huenda mwanzoni asionyeshe dalili yoyote. Kwa hiyo kagua kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kama kimelegea, toa betri, steringi akae bila taa. Ukishuku mtoto kameza, usimtapishe, na usisubiri hadi kesho uone kama itatoka chooni. Mkimbizeni hospitali yenye eksirei, usiku huo huo, mkiwa na ule mdoli mkononi ili daktari aone ukubwa wa betri yenyewe.