Sijui kuogelea, Paje nitafanya nini?

*Agosti nakwenda Paje, Zanzibar, na wenzangu wanaocheza kaiti baharini. Mimi sijui kuogelea. Nisije nikashinda nalinda mabegi tu! – Msomaji, Morogoro*

Ondoa shaka, ndugu. Upepo wa kusi ndio unaowaleta wachezaji wa kaiti, lakini utamu wa Paje, kwangu mimi, ni maji yakipwa. Fuatana na mwenyeji hadi kwenye mashamba ya mwani, uone akina mama wanavyoufunga kwenye kamba kati ya vigingi. Kazi hiyo ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Vaa viatu, na urudi kabla maji hayajaanza kujaa. Usipite chini ya kamba za kaiti. Ukichomwa na miiba ya baharini, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika. Ukivimba, nenda kituo cha afya. Siku nyingine, nenda msitu wa Jozani ukawaone kima punju.