Bendera na Nembo ya Kijiji: Chagueni Kitu Kimoja

Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kisiwani Unguja, kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, vina kila sababu ya kuwa na bendera na nembo zao. Timu ya mpira inazihitaji, ushirika wa kinamama unazihitaji, hata shehia nzima. Huko Hispania, kijiji cha watu mia chache tu hupeperusha bendera yake mbele ya ofisi ya halmashauri. Sisi vipaji tunavyo, kilichobaki ni utaratibu.

Kikao cha kwanza msichore. Kila mtu aseme anachotaka, nanyi mtasikia mnazi, ngalawa, mwani, pweza na karafuu. Sikilizeni wote, kisha chagueni kimoja. Nembo yenye vitu sita, ukiitazama kutoka ng'ambo ya barabara, huoni hata kimoja. Karafuu mimi ningeiacha. Ilikuwamo katika bendera ya Zanzibar ya Desemba 1963, imo katika nembo ya Taifa miguuni mwa mwanamume aliye kando ya ngao, na wala si zao la ardhi ya mawe ya kusini. Tafuteni ambacho jirani hana.

Kwa watu wa Jozani, jibu limo mitini. Kima punju asili yake ni Unguja pekee. Basi achorwe alivyo: mgongo mwekundu wa kahawia, nywele nyeupe zilizosimama kuuzunguka uso mweusi, mkia mrefu. Mkono wake una vidole vinne, dole gumba hana. Mchoraji asiyemjua atampa vidole vitano, au atawachorea kima mwingine kabisa, maana msituni humo yumo pia kima wa kijivu. Mpelekeni akamtazame kabla hajashika penseli.

Hata hivyo kima anafaa zaidi kwenye nembo ya kupaka ukutani kuliko kwenye bendera, kwa kuwa kumshona ni kazi nzito. Kwa bendera napendelea mkoko. Mizizi yake iliyopinda kama matao huchoreka kwa mistari michache, na mtoto wa skuli ataweza kuirudia.

Rangi ziwe mbili au tatu, na iliyokolea ikae kando ya nyepesi. Bendera ya Taifa inafundisha hilo: mistari myembamba ya njano ndiyo inayotenga kijani, nyeusi na buluu. Tena kwetu rangi huwa na chama. Kijani na njano watu watasema CCM, zambarau watasema ACT Wazalendo. Bendera ya wote isiwape baadhi ya wanakijiji sababu ya kuikataa. Bendera ya Zanzibar, iliyoanza kutumika Januari 2005, msiinakili, na nembo ya Taifa msiiguse, ina sheria yake. Maneno pia msiandike, kwani upande wa pili yatasomeka kinyume.

Jambo linalosahauliwa sana ni kuieleza nembo kwa maandishi. Hispania hufanya hivyo, ndipo serikali ya jimbo huidhinisha. Kwa mfano: "Uwanja mweupe, katikati mkoko wa kijani wenye mizizi mitano, chini kabisa mstari mmoja wa buluu." Sentensi hiyo iingie katika muhtasari wa kikao na nakala apewe sheha. Mchoro ukipotea, fundi yeyote ataurudisha.

Kabla ya kununua kitambaa, uchoreni mchoro kwa ukubwa wa kiberiti. Usipotambulika, punguzeni. Kisha nendeni sokoni Darajani mkatafute kitambaa chepesi kinachokauka upesi, maana pamba ikilowa huwa nzito. Sentimita 60 kwa 90 zinatosha. Mwambieni fundi cherehani akunje pindo la upande wa mbali na mlingoti mara mbili na kulipitisha mishono miwili au mitatu, kwa sababu upepo wa kusi huanza kuchana hapo. Na mteueni mtu mmoja wa kuitunza: bendera ikichanika aishushe siku hiyo hiyo, ishonwe, ndipo ipandishwe tena.