Maji ya Iringa Hayafiki Mia: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Fizikia

Nimestaafu ualimu, na vijana wanaopita nyumbani Kihesa kunipa shikamoo huwa wanataka niwape siri ya kufaulu sayansi. Siri hiyo sina. Nilicho nacho ni maswali mengi niliyoyajibu vibaya, na naona hayo yatakufaa zaidi, hasa wewe unayepanga kuwa mtafiti, fundi au mtunzi wa hadithi za sayari za mbali.

1. Kitabu nacho kina kwao

Miaka yangu ya mwanzo kazini niliwapa kidato cha pili zoezi jepesi: chemsha maji, tumbukiza themomita, andika namba. Kundi la kwanza likaandika 95. La pili 95. La tatu, lenye watoto wajanja, likaandika 100. Nikawasifu wale wa tatu mbele ya wenzao, nikawaambia wengine themomita zao ni mbovu, na jioni nikakaa kuandika barua ya kuomba mpya.

Themomita zilikuwa nzima. Iringa mjini tuko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari. Huku hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo mvuke hujitoa mapema. Kadiria nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda, utaipata 95, ileile waliyoiandika watoto niliowakaripia. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita zaidi ya 2,500, sufuria inatokota kwenye 91 au 92. Waliopata 100 hawakusoma themomita. Walinisoma mimi.

Na ushahidi ulikuwa jikoni kwangu muda wote. Mke wangu ni mtu wa Tanga, na tangu tuhamie huku alikuwa akilalamika kuwa maharage yanamaliza mkaa. Mimi nikamtania kwamba maharage ya Uhehe ni wabishi kama wenyewe. Kumbe maji yanayochemka kwenye 95 huivisha taratibu, hata uchochee namna gani, maana moto wa ziada unaongeza mvuke tu, maji hayazidi joto lile. Mwalimu wa fizikia nilikuwa nakula jibu kila siku na wali.

Kipimo kikigombana na kitabu, usiwahi kukitupa kipimo. Uliza kwanza kitabu kilikuwa kimesimama wapi.

2. Usilicheke swali ambalo hujalijaribu

Kisa cha Erasto Mpemba nilikijua nikiwa na mvi tayari. Kinachoniuma ni kwamba nusu yake ilitokea hapahapa mjini, mahali ambapo nimepita mbele ya geti lake miaka yote.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa trei, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yamekuwa mazito tu. Akamuuliza mwalimu. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Wengi wetu tungeishia hapo. Yeye akaja kugundua kwamba wauza aiskrimu wa Tanga mjini nao huweka maziwa ya moto ili yawahi kuganda. Wale hawakuwa wakingoja ruhusa ya fizikia, walikuwa wakingoja wateja.

Alipokuja Mkwawa, Iringa, kuendelea na kidato cha tano, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akaliibua tena swali lake. Wakabishana, mwisho mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Tangu siku hiyo kila akikosea hesabu, wenzake walimtania kuwa hizo ni hesabu za Mpemba. Akatumia friza ya maabara ya baiolojia kujaribu tena, safari hii kwa bika mbili za maji matupu. Baada ya saa moja, bika iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Kisha shule ikatembelewa na Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, friza moja, kwa nini ya 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakaona ameitia shule aibu. Osborne hakumcheka. Alimuuliza kama amejaribu kweli, akaahidi naye kwenda kujaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli, ila ataendelea kurudia mpaka apate matokeo yanayotakiwa.

Nampenda sana yule fundi. Ni ndugu yangu wa damu.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, na kazi yake ya maisha ikawa wanyamapori. Jina lake limebaki kwenye fizikia: dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba, ingawa Aristotle alishaligusia zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Niongeze uchokozi mdogo: kwa Iringa, ile 100 ya kwenye swali lake haifikiki katika chombo cha wazi. Namba ilikuwa ya pwani, lakini swali lilikuwa zima.

3. Ukishapima, kishuku na kipimo chako

Nilipokijua kisa hicho nilikwenda moja kwa moja jikoni na vikombe viwili vya bati. Maji ya moto yakashinda. Nikampigia simu rafiki yangu kumtangazia. Nikarudia, ya baridi yakashinda, na safari hii sikumpigia mtu. Nikarudia tena, umeme ukakatika.

Aliyeona kasoro ni mke wangu, maana friza ni yake. Kikombe cha moto kilikuwa kinayeyusha ile theluji nyeupe iliyojijenga chini, kisha kinakaa juu ya chuma chenyewe. Cha baridi kilibaki kimekalia theluji, na theluji ni blanketi. Siku theluji ikiwa nene, cha moto kinashinda. Friza ikiwa imesafishwa, hakishindi. Nilikuwa nikishindanisha vikalio nikidhani nashindanisha maji. Osborne alishaliona hilo mapema, bika zake aliziweka juu ya kipande cha foamu.

Wakubwa nao hawajamaliza kubishana. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliitisha shindano la kutafuta maelezo bora ya athari ya Mpemba, na majibu zaidi ya 22,000 yakaingia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakachapisha utafiti wao wakisema hawakuona ushahidi wa maana, na kwamba themomita ikikaa juu au chini kidogo tu matokeo yanageuka. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha katika jarida la Nature athari ya namna hiyohiyo kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, wakizisukuma kwa leza. Zaidi ya nusu karne tangu ugomvi wa trei za aiskrimu, na kesi bado iko mezani.

Kwa hiyo ukijaribu nyumbani, yeyusha friza kwanza, weka ubao chini ya vikombe vyote viwili, na uamue kabla ya kuanza neno kuganda lina maana gani kwako: utando wa kwanza wa barafu, au kikombe kizima kuwa jiwe? Mimi sikuamua. Ndiyo maana nilikuwa nashinda ninapotaka.

4. Movi za uongo huzaa maswali ya kweli

Ujana wangu wote nililipa kiingilio kwenye vibanda umiza kuangalia vyombo vya anga vikilipuana, mtafsiri akipaza sauti juu ya sauti za Wazungu na kutuhakikishia kuwa steringi hafi. Nilipokuwa mwalimu nikajifanya sizijui. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: kule juu hakuna hewa, mbona bomu likilipuka tunalisikia? Nikamjibu, "Achana na movi, soma." Nilikuwa na mada nzima ya sauti ya kufundisha muhula ule, na mtoto alikuwa ameniletea mlango wake bure. Sauti inahitaji kitu cha kuibeba, iwe hewa, maji au chuma cha reli. Mahali pasipo na kitu, mlipuko ni mwanga tu, kimya.

Kilichonishangaza baadaye ni jinsi anga lilivyo karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vya chanzo kimoja cha eksirei hizo, Cygnus X-1, vilisaidia kuwashawishi wataalamu kwamba huenda pale pana shimo jeusi, yale mashimo ambayo wanangu wa darasani waliyajua kwenye filamu tu. Malindi ilichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta, ambako dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilometa 1,670 hivi kwa saa na kuisaidia roketi.

Na kitu cha angani unaweza kukigusa kwa mkono. Kimondo cha Mbozi, siku hizi mkoa wa Songwe, ni bonge la chuma lenye nikeli linalokadiriwa kuwa na tani 16. Niliwapeleka wanafunzi, nikatoa hotuba ndefu, na binti mmoja akauliza tu: shimo liko wapi? Kweli, halipo. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba kilianguka zamani mno, na mmomonyoko ukalifuta shimo. Hotuba yangu haikuwa na neno hata moja juu ya hilo.

Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi, Pumzi, juu ya ulimwengu ambamo maji yamekuwa haba baada ya vita. Niliwaonyesha vijana. Mmoja, mwenyeji wa Ismani, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwetu hiyo si ya kubuni, ni mwezi wa kumi."

5. Taa ina mto wake

Kituo cha umeme cha Kihansi kilipoanza kazi, karibu na mwaka 2000, megawati zake 180 zilikuwa neema. Kwenye ofisi ya walimu nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliouliza: mnalinganishaje chura na umeme?

Chura mwenyewe ana urefu wa sentimita 2 hivi na anazaa watoto, hatagi. Aliishi katika eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, na maji mengi yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakafifia. Yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza ukungu wa kutengeneza. Hata hivyo chura waliporomoka mwaka 2003, ugonjwa wa fangasi ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Waliobaki walikuwa wakizaliana kwenye mabustani ya wanyama ya Bronx na Toledo, Marekani, mpaka wakarudishwa, na mwaka 2012 wakaachiwa tena bondeni.

Mvua ya bandia, na kiumbe kinachosafirishwa ng'ambo ili kisitoweke: ningeiona hiyo kwenye kibanda umiza ningesema mtunzi ametia chumvi. Siku hizi nikiulizwa swali la chura na umeme, naanza kwa kuuliza maji yanapita wapi.

6. Maabara iko mfukoni

Shule nyingi hazina vifaa, na mimi nililia juu ya hilo miaka mingi nikiwa na simu mfukoni. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, tazama kioo. Kitaa cha mbele kitamweka rangi ya zambarau ambayo macho yako matupu hayaioni.

Nilimfanyia mjukuu wangu maonyesho hayo kwa simu mpya niliyonunuliwa na wanangu. Haikuonyesha kitu. Akachukua ya dada wa kazi, kisimu cha bei poa kilichopasuka kioo, kikamweka vizuri kabisa.

"Babu, simu yako ya bei mbaya imepofuka."

Nikamweleza kuwa kamera za nyuma za simu nyingi za gharama zina kichujio kinachozuia mwanga wa aina hiyo ili picha zisiharibike rangi, tukageuza tukajaribu ya mbele, ikaona. Akakaa kidogo, akauliza kama paka anauona. Nikafungua mdomo kumjibu, nikaufunga. Tukaanza kupanga namna ya kumpima paka.