SOMO LA USHIRIKA: Ushiriki wa Wanachama Katika Kukusanya Picha za Vipepeo

Chama cha ushirika hakipimwi kwa urefu wa orodha ya wanachama wake, bali kwa wingi wa wale wanaoshiriki katika shughuli zake. Katika misingi saba ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, msingi wa pili unahusu wanachama kukiongoza chama chao wenyewe, na wa tano unahusu elimu. Somo hili laonyesha jinsi misingi hiyo miwili inavyoweza kutekelezwa kwa kazi ndogo: kupiga na kukusanya picha za vipepeo.

Mfano uko karibu. Katika milima ya Usambara Mashariki, wanavijiji wanaopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, walianza kufuga vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliuza pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kutulia kabla ya kuwa kipepeo, kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Lakini mwezi Machi 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na soko hilo likafungwa. Mfugaji aliyetegemea bidhaa moja na mnunuzi wa mbali alijikuta mikono mitupu.

Picha haiwezi kuziba pengo la mapato hayo. Hata hivyo, picha haihitaji kumtoa mdudu hai nchini. Humwonyesha mgeni anayefika Amani kitu cha kutafuta, huwafundisha watoto shuleni, na humsaidia mfugaji kutambua aina alizo nazo na mimea inayozilisha. Kipepeo aitwaye na wataalamu Papilio demodocus, kwa mfano, hutaga mayai kwenye majani ya michungwa na milimau, mimea isiyo migeni kwa mkulima wa Muheza.

Tena kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Majike wa Papilio dardanus hutofautiana sana kwa rangi, na wengi wao huiga vipepeo wa aina nyingine ambao ndege huwachukia kwa ladha yao mbaya. Mwenye picha moja ya jike hajamjua kipepeo huyo. Hapana budi picha za watu wengi ziwekwe pamoja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Kwa nini basi wanachama wengi hukaa kimya? Wengine hudhani kwamba picha zao za simu ni duni mbele ya zile za wenye kamera kubwa. Wengine walileta picha zamani wasipate hata neno la shukrani. Wengine huhofu kwamba picha itauzwa bila wao kujua. Sababu zote tatu zinaweza kuondolewa na katibu mwangalifu, kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, kazi igawanywe iwe ndogo. Kila mwanachama aombwe picha moja kwa mwezi, ikiwa na tarehe, mahali, na jina la mmea. Wakati mwafaka ni asubuhi, kipepeo anapoota jua akiwa ametandaza mabawa; apigwe picha ya juu na ya chini ya bawa.

Pili, kila picha ijibiwe. Mwanachama aelezwe jina la kipepeo wake, au kwamba bado linatafutwa. Picha iliyofifia isitupwe kabla mwenyewe hajaelekezwa namna ya kuirekebisha.

Tatu, haki iandikwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za picha. Kwa hiyo jina la mpigaji liwekwe chini ya picha yake, na mkutano mkuu uamue mapema mapato yakipatikana yatagawanywaje.

Nne, zamu zizunguke. Uchaguzi wa picha za kuonyeshwa mkutanoni usiachiwe wazee wawili watatu. Vijana na akina mama wapewe zamu yao. Asiye na simu aandike alichokiona, naye ahesabiwe kuwa ameshiriki.

Tano, pawepo nidhamu. Asiingie mtu hifadhini bila kibali, wala asivunje matawi ili apate picha nzuri.

Katibu akifuata hatua hizi atapata zaidi ya picha. Atakuwa na wanachama waliozoea kuleta, kuuliza na kuamua. Na siku soko litakapobadilika tena, chama kitakuwa na watu wa kushauriana, si orodha ya majina tu.

Maswali ya majadiliano

1. Katika chama chenu, ni wanachama wangapi waliozungumza katika mkutano uliopita? Waliokaa kimya walizuiwa na nini?
2. Ikiwa bidhaa yenu kuu itakosa soko kesho, ni kazi gani itakayowaweka wanachama pamoja?
3. Mapato ya picha yagawanywe vipi baina ya mpigaji na chama?