Jumla ya chama haitoshi? Angalia kama kuna "/="

Chama kina wanachama 30. Kila mmoja ametuma Ksh 1,500, na taarifa ya simu inaonyesha Ksh 45,000 zimeingia. Lakini jedwali la Excel la mweka hazina linasema 43,500. Hapo ndipo maneno huanza, na mweka hazina hutazamwa vibaya kabla mtu yeyote hajakagua jedwali lenyewe.

Pitia safu ya kiasi. Ukipata mahali pameandikwa 1500/=, umempata mwizi. Sisi tunasoma pesa hapo. Excel inasoma maneno. SUM ikikutana na maneno kwenye safu huyaruka kimyakimya, haikuambii lolote. Herufi O ikiwekwa mahali pa sifuri huleta shida hiyo hiyo. Afadhali hata ungejumlisha kwa alama ya kujumlisha, kama =C2+C3, maana hapo ungeona #VALUE!. Ujumbe huo hausemi ni seli gani imeharibika wala ufanye nini, lakini angalau unapiga kelele.

Tunashauri uandike ujumbe wako mwenyewe. Chagua seli za kiasi, tuseme C2 hadi C31, nenda Data, kisha Data Validation. Kwenye Allow chagua Whole number, halafu weka kiwango cha chini na cha juu ambacho chama chenu kinakubali, kwa mfano 100 na 20000. Usiishie hapo. Ukiishia hapo, anayekosea ataambiwa tu, tena kwa Kiingereza, kwamba thamani hailingani na masharti ya seli hiyo. Masharti gani sasa? Fungua Error Alert uandike:

"Andika tarakimu peke yake, kwa mfano 1500. Usiweke Ksh wala /=. Kiasi kiwe kati ya 100 na 20000."

Huo mfano wa 1500 ndio unaofanya kazi kubwa. Mtu anayeingiza michango usiku baada ya kufunga duka hana nguvu ya kusoma kanuni, anaiga anachokiona. Neno "umekosea" pia tumeliacha nje makusudi, kwa sababu halimsaidii kurekebisha.

Kinga hii ina tundu moja: haikagui kilichobandikwa. Ukinakili orodha kutoka WhatsApp, ile /= inapita tu. Kwa hivyo kwenye seli ya jumla weka hii:

=IF(COUNTA(C2:C31)=COUNT(C2:C31),SUM(C2:C31),"Kuna kiasi ambacho si namba. Kagua safu C.")

COUNTA huhesabu seli zote zilizo na kitu, COUNT zile zenye namba tu. Zikitofautiana, jumla haitokei mpaka urekebishe. Google Sheets pia inaikubali fomula hii. Ifanye kabla ya siku ya mkutano, kisha ulinganishe jumla na taarifa yako ya simu.