Picha za Mashindano: Msaada Uishie Wapi?

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kuwatayarisha wanafunzi kwa mashindano ya sanaa, upande wa picha za kamera. Mada ilikuwa "Kazi". Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike machache juu ya jambo hili, kwa kuwa mashindano mengine yaja, na wazazi wengi huuliza wawasaidie watoto wao namna gani. Nitaeleza, lakini sharti nianze na kosa langu mwenyewe.

Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alileta picha ya bibi yake akipika vitumbua alfajiri. Moshi wa kuni ulikuwa umetanda nusu ya picha, na pembeni ulionekana mkono wa mtoto umeshika kisahani, mtoto mwenyewe haonekani. Mimi nikauona moshi kuwa ni uchafu na mkono kuwa ni kasoro. Nikaitia picha katika kompyuta, nikaukata upande ule, nikaupunguza moshi, nikaung'arisha uso wa bibi. Kisha nikamwita msichana nikitazamia shukrani. Akaitazama kitambo, akasema kwa adabu, "Ni nzuri, Mwalimu. Lakini yule alikuwa mdogo wangu." Kumbe kila siku mtoto yule hungoja kitumbua cha kwanza kabla ya kwenda shule, na ndicho kilichomfanya dada yake ainue simu. Na moshi ule ndio unaomtoa bibi machozi kila asubuhi. Mtu akiuondoa, ameiondoa kazi yenyewe. Nikaona haya. Bahati njema picha ya asili ilikuwa bado imo katika simu ya mama yake.

Tangu siku ile, kabla sijagusa kitu, huuliza. Ni nini kilichokufanya upige picha hii? Unataka nitazame wapi kwanza? Je, kuna kitu kinachonivuta macho mahali usipotaka? Mtoto akijibu, "Ile ndoo nyekundu," basi na aikate mwenyewe, nami nikae pembeni. Kukata ukingo na kuongeza mwangaza kidogo si udanganyifu. Kuongeza ndege angani, au kumfuta mtu aliyekuwapo, au kuiagiza akili mnemba itengeneze picha kwa maneno, hiyo si picha ya mtoto tena. Mwaka huu nilirudisha picha 3 za namna hiyo, na mojawapo, naona vibaya kusema, ilitengenezwa na mzazi.

Wazazi wengine huuliza kama wanunue kamera ya bei kubwa. Si lazima. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya Box Brownie, ambayo ni kisanduku tu. Na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilitazamwa duniani kote. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo picha zao hupigwa wakati wa likizo kwa simu ya mzazi au ndugu. Yatosha mzazi amwachie mtoto simu hiyo saa moja, baada ya kuifuta lenzi kwa kitambaa safi. Picha nyingi zenye ukungu nilizopokea hazikuwa na ugonjwa mwingine ila mafuta ya vidole.

Mwangaza wataka kufikiriwa zaidi. Huku kwetu Tanga jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi, na kivuli cha paji huangukia machoni. Afadhali asubuhi mapema au jioni. Na ikibidi kupiga mchana, mtu akae barazani au kizingitini, uso wake ukielekea nje. Tena kamera ya simu hupima mwangaza wa picha nzima. Ikiona ukuta mweupe au mbingu nyuma ya mtu, hupunguza mwanga wote, na mtu mweusi hubaki kama kivuli. Dawa yake ni kumgusa usoni kwa kidole katika kioo cha simu, ili kamera ipimie hapo.

Sasa karatasi, ambako vichwa vingi hukatwa! Simu nyingi hupiga picha ambayo pande zake ni kama 4 kwa 3, lakini karatasi ndogo ya picha ni sentimita 15 kwa 10, yaani 3 kwa 2. Picha yenye nukta 4000 kwa 3000 ikilazimishwa kuijaza karatasi hiyo, hupoteza nukta 333 za kimo, ndiyo sehemu moja katika tisa. Mpiga picha aliyekibananisha kichwa na ukingo wa juu atakikosa. Basi acheni nafasi juu na chini, au mwambieni mchapaji aache ukingo mweupe.

Tena msiitume picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Niliipima moja iliyofika hivyo, upande wake mrefu ulikuwa umebaki na nukta 1600. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 katika kila inchi, hizo zatosha sentimita 13 na nusu tu, ilhali karatasi ya A4 yataka 3508. Itumeni kama faili, au mleteni mwenye simu.

Katika kubandika, msitumie gundi ya maji, kwa maana hukunja karatasi. Vipande viwili vya utepe wa gundi nyuma, upande wa juu, vyatosha kuishika kwenye kadibodi. Jina liandikwe nyuma ya kadibodi.

Limebaki neno la ruhusa, nalo nililisahau mpaka siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea picha. Nilikwenda na yule msichana nyumbani kwao. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi aliuliza picha itatundikwa wapi. Nikamwambia, ukumbini, mbele ya watu wote. Akakataa. Moshi haukumsumbua, wala machozi; ila katika picha ile mtandio ulikuwa umemwanguka, na hakuwa tayari kuonekana kichwa wazi mbele ya wageni. Nilijaribu kumshawishi kidogo, kisha nikanyamaza, maana mjukuu wake alikuwa ameanza kunitazama. Akamfungulia bibi picha nyingine za asubuhi ile, moja baada ya moja, mpaka bibi akaweka kidole kwenye moja iliyopigwa baadaye, mtandio ukiwa umefungwa. Moshi wake ni mchache zaidi, na kwa macho yangu ni dhaifu kuliko ile ya kwanza. Mkono wenye kisahani umo. Hiyo ndiyo tuliyoipeleka.